Vyombo viwili, bahasha moja

Wasomaji, safari hii maswali mengi yametoka kwa watu wa muziki, na nadhani ni msimu tu. Bunge la bajeti lipo mjini, mahoteli yamejaa, kila mwenye ukumbi anataka "kitu laini cha jioni" na kila mwenye kinanda simu yake inaita. Mi napiga kinanda na saksofoni hapahapa Dodoma kwaiyo najibu kwa ninachokiona kazini. Maswali marefu nimeyapunguza na majina nimeyaacha kama wenyewe mlivyoomba.

Mambo vipi kaka. Mi napiga kinanda kanisani, naishi Nkuhungu. Nimenunua saksofoni ya alto ya mtumba na sa hivi napiga vizuri tu. Kuna hoteli moja ilikua inanipa laki na nusu kupiga kinanda kwenye dina za wageni wa mikutano. Juzi meneja kaniambia nije na saksofoni pia coz "inapendezesha", ila hela ni ileile. Nikimwambia aongeze anasema wapo wengi. Nikubali au niache? — Kijana wa Nkuhungu

Poa mdogo wangu. Huyo meneja hajakuomba upendezeshe, amekuomba watu wawili kwa bei ya mmoja. Angemuita mpiga kinanda na mpiga saksofoni angetoa bahasha mbili na sahani mbili za chakula, hilo analijua vizuri tu kuliko wewe.

Ila na we usiende na hesabu ya mara mbili. Huwezi kupiga vyote kwa wakati mmoja, ukishika saksofoni kinanda kinanyamaza au kinaendelea na biti uliyoiseti, na mtu wa hoteli akikaa akafikiria atakuambia hivyohivyo na atakua na hoja. Mi ninavyofanya, bei ya kinanda inabaki palepale alafu saksofoni naiongezea nusu yake. Kwa laki na nusu yako inakua laki 2 na elfu 25. Ukiitaja taja ukiwa umetulia, usianze kujieleza kuhusu maisha magumu, mwambie tu "kinanda ni hii, nikiongeza saksofoni ni hii, chagua". Mara nyingi anachagua ya juu, kwa sababu tayari ameshamuahidi mtu kwamba kutakua na saksofoni.

Na hilo la "wapo wengi" ni kweli nusu. Wapiga kinanda wapo wengi sana, kila kanisa hapa mjini lina wake na makanisa mengine yana watatu wanagombania kiti. Wapiga saksofoni ni wachache, wanaopiga vyote usiku mmoja bila kuboronga ni wachache zaidi. Kinanda ndo kinalipa kodi ya nyumba, saksofoni ndo inafanya watu waje kuomba namba yako wakati wa keki.

Sasa kabla hujataja bei yoyote uliza mitambo ni ya nani. Wakisema ni ya hoteli waambie wakutumie picha ya miksa, we ukiwa na vyombo viwili unahitaji lain mbili za kinanda na moja ya maiki ya saksofoni, na ukumbi mwingine utakuta miksa ina lain nne na MC kashachukua mbili. Kama mitambo ni yako basi kirikuu cha kubeba spika kwenda na kurudi kiingie kwenye bei, kurudi ndo watu wanasahau, saa 6 usiku kutoka Ihumwa mpaka Nkuhungu hamna anayekubeba kwa bei ya mchana.

Alafu andika. Sio mkataba wa mihuri, meseji ya WhatsApp inatosha, kitu kama hiki: "Habari za leo bosi, nathibitisha kazi ya Ijumaa, saa 1 usiku hadi saa 4, kinanda na saksofoni, seti tatu za dakika 40, mitambo ya hoteli, chakula cha mtu mmoja, nusu ya malipo kabla ya Alhamisi jioni na nusu nikimaliza." Akijibu "sawa" umeshamaliza. Asipojibu usiende, hata kama umeshapiga pasi shati.

Kitu cha mwisho kwenye hili. Kama anayelipa ni taasisi na sio hoteli, habari ni nyingine. Watataka invoisi na TIN, watakulipa baada ya wiki au zaidi, na watakata kodi ya zuio, kwa huduma kama yetu ni asilimia 5. Kwa laki 4 inakatwa elfu 20, mkononi unapata laki 3 na elfu 80. Usigombane na mhasibu, hajakuibia, mwombe tu cheti cha hiyo kodi ukitunze kwa ajili ya hesabu zako TRA. Na ujue mapema ili usipange kulipa deni la dukani kwa hela ya Ijumaa ambayo itaingia Jumanne ya mwezi unaofuata.

Habari za kazi mwalimu. Nipo Kikuyu, napiga alto kwenye kwaya. Mpiga kinanda wetu anapiga kila wimbo kwenye C alafu anabonyeza transpozi, kile kitufe cha kupandisha au kushusha sauti ya kinanda kizima, mpaka waimbaji waridhike. Nikimuuliza tuko kii gani, yaani noti ipi ndo msingi wa wimbo, anasema C. Napiga ninachojua, watu wanakunja sura, saa nyingine naacha nasimama tu na chombo shingoni kama pambo. Tatizo ni mimi au yeye? Na nikitaka kujifunza kinanda si ndo nitachanganyikiwa kabisa? — Pambo la kwaya

Tatizo ni kile kioo kidogo cha kinanda ambacho hamna anayekisoma.

Alto ni chombo cha E flati. Maana yake ukibonyeza C yako kinachosikika ni E flati ya kinanda. Saksofoni ya tena ni ya B flati, ukibonyeza C inasikika B flati. Kwaiyo ili muwe pamoja, kwenye alto unachukua kii ya kinanda unashuka nusu toni tatu, yaani vibonyezo vitatu vya kinanda ukihesabu na vyeusi, kwenye tena unapanda toni nzima moja. Kinanda kikiwa C we upo A. Kikiwa F we upo D. G ni E, B flati ni G. Andika hizo nne ubandike ndani ya kifuniko cha boksi lako utaona zinavyojirudia kila Jumapili.

Sasa rudi kwa jamaa yako. Vidole vyake viko C, kioo kinaonyesha +2. Anachosema ni C, anachosikia Mungu ni D. Na D ya kinanda kwa alto ni B, shapu tano (noti tano zimepandishwa nusu toni), ndo maana unaona kama chombo kimekugeuka. Hapo kuna dawa ndogo sana, mwombe apandishe nusu toni moja tu, iwe +3. Kwaya itakua E flati na wewe utakua C, hamna shapu hamna flati. Waimbaji hawatajua chochote, soprano watalalamika lakini soprano wanalalamika hata bila transpozi.

Wanaotuua kabisa ni wapiga gitaa. Wao E na A ndo nyumbani, nyuzi zinalia zenyewe. E ya gitaa kwa alto ni C shapu, shapu saba, A ni F shapu, shapu sita. Ukiitwa kwenye bendi ya sebene uliza kii kabla hujapanda, na kama ni E basi fanya mazoezi ya E, usimwombe mpiga solo abadilishe, hatabadilisha.

Kuhusu kujifunza kinanda, kwako ndo kitakuponya, kwa sababu kinanda unakiona, noti zote ziko mbele ya macho, na kesho ukisimama na alto unajua mwenzio anafanya nini. Ila kuna mtego kwa sisi tunaopiga vyote. Umekaa kwenye kinanda, vidole C, transpozi +3, biti inatembea, unasimama unachukua saksofoni, na kichwa bado kina C. Ukipiga A kwa mazoea umeharibu mbele ya bwana harusi. Ushauri wangu kwa mtu anayepiga peke yake vyombo viwili, acha transpozi kwenye sifuri usiku mzima. Jifunze kupiga kinanda kwenye F, B flati na E flati zenyewe, ni kii za kawaida na saksofoni inazipenda. Chukua mkanda wa karatasi ule wa mafundi rangi, ubandike juu ya kinanda, andika kwa kalamu nene jina la wimbo, kii ya kinanda, kii ya saksofoni. Taa za ukumbi zikipunguzwa bado utausoma.

Mwanangu, mimi ni mama wa watoto wanne, nipo Mpwapwa. Kijana wangu wa pili alimaliza form four, alikuwa anapiga tarumbeta kwenye matarumbeta ya harusi. Sasa kaacha, anataka saksofoni na kinanda vyote viwili na anataka kuhamia Dodoma mjini aishi kwa kupiga. Baba yake hataki kusikia. Mimi nauliza tu, hii ni kazi? Na kwa nini asichague kimoja? Halafu hizo baa za usiku zinanitisha. — Mama wa Mpwapwa

Shikamoo mama. Asante kwa kuandika, wazazi wengi huwa wanachoma chombo kwanza ndo wanauliza.

Ni kazi, ila sio ajira, na baba yake nadhani anachotafuta ni ajira, hapo ndo mnapopishana. Wazee waliotutangulia walikua nayo. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, Mlimani Park ikaja 1978 na baadae ikachukuliwa na DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam, na mpulizaji alikua na mshahara na vyombo ni vya mwajiri. Enzi zile bendi ilikua na safu nzima mbele, tarumbeta na saksofoni zinajibizana na waimbaji. Baadae vinanda vya umeme vikaingia vyenye sauti ya tarumbeta ndani, na mwenye bendi akipiga hesabu ya wapulizaji watatu wanaokula na kulala hotelini kila safari, na kijana mmoja wa kinanda, alichagua nini unajua mwenyewe. Kwaiyo mama kijana wako anataka kushika kilichofukuzwa na kilichofukuza, na mimi kwa mtazamo wangu ndo akili hiyo.

Na sio wa kwanza. Manu Dibango wa Kameruni, ambaye dunia inamjua kwa saksofoni, alipokua na African Jazz ya Joseph Kabasele mwaka 1961 alikua anakaa kwenye piano pia. Fela Kuti wa Nigeria alianza na tarumbeta kama huyu wako, akaja kujulikana na saksofoni na kinanda. Mwenye pumzi za tarumbeta saksofoni haimpi shida ya mapafu, ila midomo itabidi ajifunze upya kabisa, kule anatetemesha midomo, huku anatetemesha ridi, kile kibanzi chembamba cha kupulizia. Miezi ya kwanza atasikika kama bata, msimuonee.

Mishahara bado ipo sehemu chache. Bendi za polisi, jeshi na magereza zinachukua wapulizaji, lakini anaingia kwa usaili na mafunzo kama askari mwingine yeyote. Shule binafsi zinatafuta walimu wa muziki. Akitaka karatasi kuna TaSUBa pale Bagamoyo, ni taasisi ya serikali ya sanaa, na akirudi na cheti chao mwenye shule hamuoni kama mtu wa harusi tu. Nje ya hapo wiki ya mpigaji wa Dodoma ni hivi, Jumamosi harusi au sendoff, Jumapili kanisani ambako mara nyingi ni posho ndogo au hamna kabisa, Alhamisi na Ijumaa hoteli kama Bunge lipo, katikati ya wiki wanafunzi wa nyumbani. Aprili mpaka Juni anakula vizuri. Kwaresma harusi za Wakristo zinapungua sana, Ramadhani na za Waislamu hivyohivyo, na Januari hata simu inasahau kuita. Kama hana akiba ya miezi hiyo atauza chombo, na mpigaji aliyeuza chombo ni ngumu sana kurudi. NSSF wanapokea mtu aliyejiajiri anachangia mwenyewe, aanze mapema hata kidogo, mumeo akisikia neno NSSF huenda akalainika.

Baa sikudanganyi mama, pombe ipo na ya bure, mteja akifurahi anatuma bia jukwaani na ukikataa anaona umemdharau. Vijana wanaodumu wana ujanja, wanaipokea wanasema asante sana mzee alafu wanamrudishia mhudumu, wengine wana mapatano naye anawapa hela yake asubuhi. Ale kabla hajatoka nyumbani. Awe na bodaboda mmoja anayemjua wa kumrudisha. Na akituzwa hela mkononi mbele ya watu atoe sehemu kwa wenzake usiku uleule, bendi nyingi zimevunjika kwa noti za kutuza kuliko kwa wanawake. Kuna wateja wengine mama, anakunja noti ya elfu kumi anaitumbukiza ndani ya mdomo wa saksofoni ukiwa unapiga, anacheza anarudi anaongeza nyingine. Hela inapokelewa, ila ukishuka kwenye sauti za chini kabisa chombo kinakoroma, itabidi usubiri wimbo uishe uinamishe utoe hizo hela, na watu wanashangilia hapo kuliko walivyoshangilia solo.

Mwambie baba yake ampe mwaka mmoja, akiwa anaishi kwa ndugu sio chumba cha kupanga.

Kaka kwema? Nipo Kongwa, ridi zangu zinapinda kama maganda ya embe, na kibonyezo cha G shapu kinaganda kila nikipiga nje. Fundi hakuna huku. — Ridi zimeniisha

Kwema. Huko kwenu na huku kwetu ni mamoja, mvua ikishakata hewa inakauka na upepo unaanza na mpaka mwishoni mwa mwaka hamna unyevu. Ridi ni tete, ikikauka haraka inapinda. Ukimaliza kupiga usiiache kwenye chombo, ifute, ilaze kwenye kipande cha kioo bapa upande wa chini ukiwa chini, weka kwenye kiboksi kinachofunga. Kabla ya kupiga iloweke kwenye maji safi kidogo badala ya kuinyonya tu mdomoni. Zungusha ridi tatu, leo hii kesho ile, moja ikifa ghafla unazo mbili zilizozoea. Kama kipato kinaruhusu zipo ridi za plastiki, ni ghali lakini hewa ya Kongwa haizifanyi kitu, kwa kazi za nje mi ndo natumia hizo na sijali wanaosema sauti yake sio ya asili, mgeni wa harusi hajui.

G shapu inaganda kwa vumbi na sukari. Acha kunywa soda katikati ya seti, mate yenye sukari yanashuka mpaka kwenye pedi, vile vifuniko vya ngozi vya matundu. Chukua karatasi nyembamba safi, iweke chini ya pedi, bonyeza taratibu alafu achia utoe karatasi, usiivute huku umebana utachana ngozi ya pedi. Rudia mpaka karatasi itoke safi.

Na hili hukuuliza ila litakukuta. Juni na Julai usiku wa Dodoma una baridi kweli, saksofoni ikipoa inashuka, kinanda hakishuki, kipo kwenye kipimo chake cha 440 siku zote. Ipulizie hewa ya moto ukiwa umefunga vibonyezo vyote kabla ya kuanza, alafu sukuma kile kipande cha kupulizia kiingie zaidi kidogo kwenye koki ya shingo. Oktoba mchana ni kinyume, inapanda, kivute nje.

Habari, mimi ni katibu wa kamati ya harusi, Kisasa. Tulimlipa mpiga saksofoni, akaja na flashi, akawa anapuliza juu ya nyimbo zilizorekodiwa. Watu walifurahi ila mzee mmoja wa kamati anasema tumeibiwa, muziki wa flashi sio laivu. Na MC alimkata katikati mara mbili. Tuna harusi nyingine, tufanyeje? — Katibu

Salama katibu. Hamjaibiwa, kama alipuliza mwenyewe basi saksofoni ilikua laivu na bendi ndo ilikua kwenye flashi, na bei ya bendi kamili mnaijua. Wizi ni mtu anayeweka wimbo wenye saksofoni tayari ndani yake alafu anajifanya anapuliza, na hilo mzee wenu anaweza kulijua kirahisi, amuangalie vidole, au amwombe apige "happy birthday" bila muziki. Kama hana anachoficha atapiga hapohapo.

Mkitaka kitu tofauti semeni kabla, kwamba tunataka aingie na kinanda chake, biti aiendeshe mwenyewe, bwana harusi akichelewa mlangoni yeye anaweza kuzungusha kipande kile mpaka wafike, flashi haiwezi, ikiisha imeisha na maharusi bado wako kwenye gari wanarekebisha shela. Hiyo ndo tofauti mnayolipia. Ni kubwa kwenye kuingia, kwenye chakula haina maana sana, wakati wa ubwabwa flashi inatosha na msimlipe mtu hela ya ziada.

Kuhusu MC mi nina maoni makali kidogo. Kamati nyingi zinampa MC ratiba na mpigaji hazimpi, matokeo yake mpigaji anapanda akidhani ana dakika kumi na MC anajua ana tatu. Mpeni nakala ya ratiba kwenye WhatsApp siku moja kabla, mkubaliane ishara moja ya mkono ya kumaliza. Mtengeeni soketi yake, asichangie na ya wapishi, kinanda kikizima umeme ukikatika kinarudi na mipangilio ya kiwandani, tempo zote na sauti alizoziseti zimepotea huku maharusi wameshasimama. Na apewe chakula kabla ya ukumbi kujaa. Mpulizaji aliyeshiba pilau saa 3 hapulizi, anahema tu.

Shikamoo mwalimu. Mimi nasoma UDOM, napiga saksofoni ya tena na kinanda kidogo. Tumeitwa kwenye chakula cha wageni na wameomba "vionjo vya Kigogo". Kila nikijaribu nyimbo za bibi kwenye kinanda zinasikika kama nyimbo za chekechea. Kosa liko wapi? — Mjukuu wa Chamwino

Marahaba. Kosa halipo kwako, kinanda hakina hizo noti.

Zeze na ilimba (marimba ya vidole) za Wagogo hazikupangwa kwa mgawanyo wa kinanda, zinafuata sauti za asili zinazotoka kwenye uzi mmoja ukigawanyika wenyewe. Nusu toni moja ya kinanda ina senti 100. Sauti ya tano ya asili, inayoangukia kwenye noti ya tatu ya ngazi, iko chini ya noti ya kinanda kwa senti 14 hivi, ya saba iko chini kwa senti 31, karibu theluthi ya nusu toni. Bibi yako anaimba hapo, katikati ya noti mbili. Ukibonyeza ya juu sio, ya chini sio, ndo inakua chekechea. Msikilize marehemu Hukwe Zawose, Mgogo wa hapa Dodoma aliyefundisha Bagamoyo na kuizungusha ilimba dunia nzima mpaka alipofariki mwaka 2003, alafu jaribu kufuata kwa kinanda, utaona unavyoachwa.

Saksofoni inaweza. Ukilegeza taya kidogo noti inashuka, ni suala la sikio na mdomo, kwaiyo wimbo upigwe na tena yako yote, kinanda kisiguse wimbo kabisa. Kiache kishike noti mbili tu chini, ya msingi na ya tano yake, bila ya tatu, maana ya tatu ndo inayogombana na sauti ya bibi. Vinanda vingi vya kisasa vina sehemu ya kurekebisha kila noti peke yake, wenzetu wa muziki wa Kiarabu wanaitumia sana, ukiipata ishushe ya tatu kwa 14 na ile ya saba kwa 31 na uihifadhi kwenye kitufe chake. Hiyo saba ni flati ya saba, ukiwa C ni B flati, usije ukaishusha B.

Kama mnaweza kumpata mtu wa zeze au wale kina mama wa muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo, kutoka huko kwenu Chamwino mje nao, na bahasha yao iwe yao, msiikate kwenye ya kwenu wala msiwalipe soda. Mwambie mwandaaji mapema kwamba ni vikundi viwili. Na kii muwaachie wao waianze, wewe ndo uwafuate, ukiipata kwenye tena muonyeshe wa kinanda noti ya msingi kwa kidole, asiguse transpozi.